Hivi huyu Nitish Kumar wa Bihar anafanyaje mpaka anaapishwa mara 10?

Mchongoma (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni. Naomba wanaofuatilia siasa za India wanisaidie maana mimi nilianza kuchungulia juzi tu nikajikuta nimezama. Kuna mzee anaitwa Nitish Kumar, wa jimbo la Bihar, mashariki mwa India kule kunakopakana na Nepal. Tarehe 20 Novemba 2025 kaapishwa kuwa Waziri Kiongozi wa jimbo pale uwanja wa Gandhi Maidan mjini Patna, na ni mara ya 10. Ya kumi wakuu! Nikasema huyu lazima ana chama kikubwa balaa, naenda kuangalia viti nakuta bunge lao lina viti 243, chama chake JD(U) kimepata 85, halafu mshirika wake BJP, chama cha Narendra Modi kinachotawala India, kapata 89. Sasa mwenye 89 kakaa pembeni anapiga makofi, mwenye 85 ndo anaapa. Nikarudi nyuma kwenye uchaguzi wa 2020 nikachoka kabisa: RJD, chama kingine kikubwa cha Bihar, viti 75, BJP 74, yeye 43. Yani kashika namba tatu na kiti kakalia yeye.

Halafu kila nikisoma naona mwaka huu yuko na BJP, mwaka ule yuko na RJD, nikigeuza ukurasa karudi BJP. Hii inawezekanaje? Wapiga kura wa kule hawachoki? Na sheria zao zinaruhusu vipi, maana hapa kwetu mbunge akihama chama ubunge wake umeisha, tunarudi kwenye uchaguzi mdogo.

Kobe Mzito

Huyo dereva wake asubuhi akiwasha gari nadhani anauliza kwanza, mzee leo tunaelekea ofisi ya chama gani 😂

Ngalawa

Mchongoma umegusa mahali penyewe, ngoja nikueleze kwa urefu kidogo. Mimi nilisoma India, chumbani nilikuwa na jamaa wa Bihar, na mtu wa Bihar ukimtajia siasa ujue chakula kitapoa mezani.

Kwanza jua alikotoka. Kazaliwa 1951 Bakhtiarpur, kasomea uhandisi wa umeme Patna, ila umeme wenyewe hakuutumikia sana, akaingia kwenye vuguvugu la mwaka 1974 la Jayaprakash Narayan lililokuwa likimpinga Waziri Mkuu Indira Gandhi. Kwenye vuguvugu hilo hilo alikuwemo kijana mwingine mwenye maneno mengi, mcheshi, anaitwa Lalu Prasad Yadav. Hawa wawili ndo hadithi nzima ya Bihar, ukimwelewa mmoja bila mwenzie hujaelewa kitu.

Lalu mambo yakamnyookea mapema, 1977 tu kashaingia bunge la taifa. Nitish aligombea ubunge wa jimbo pale Harnaut 1977 akapigwa, 1980 akapigwa tena, akaja kushinda 1985. Lalu alipokuwa Waziri Kiongozi 1990 Nitish alikuwa mmoja wa waliomsukuma mpaka pale. Halafu wakagombana. Sababu zipo nyingi ila kubwa ni tabaka, yale matabaka ya Kihindu mtu anazaliwa nayo. Lalu ni Myadav, na Mayadav ndo tabaka kubwa kuliko yote Bihar, hesabu ya matabaka iliyotoka Oktoba 2023 inasema ni asilimia 14 na kitu. Nitish ni Mkurmi, na Wakurmi hawafiki hata asilimia 3. Wakurmi na wengine wadogo wadogo wakaanza kunung'unika kwamba ukombozi wa wanyonge umegeuka kuwa zamu ya Mayadav. 1994 Nitish akatoka, wakaanzisha chama cha Samata yeye na George Fernandes, 1995 wakaingia kwenye uchaguzi wa jimbo kwa mbwembwe, wakatoka na viti 7. Saba!

Mimi naona hizo saba ndo zilimfundisha siasa. Akajua kwa hesabu ya tabaka lake peke yake hatatawala hata kata, 1996 akaenda kufunga ndoa na BJP japo yeye mjamaa na wale ni chama cha Uhindu. Ile ndoa ikampa uwaziri Delhi. Akawa Waziri wa Reli, na hapa mpe haki yake: Agosti 1999 treni mbili ziligongana Gaisal watu zaidi ya 280 wakafa, akajiuzulu. Baadaye akarudishwa wizara hiyo hiyo, na ni katika kipindi chake India ilianza kuuza tiketi za treni kwa intaneti, 2002.

Sasa zile kuapishwa. Ya kwanza ni Machi 2000, akakaa siku 7 tu, hana wabunge wa kutosha, akashuka. Ya pili Novemba 2005, hapo ndo kweli kaingia, kina Lalu wametawala miaka 15 (Lalu mwenyewe alibanwa na kesi ya wizi wa hela za chakula cha mifugo akamwachia mkewe Rabri Devi kiti 1997). Ya tatu 2010, hiyo ilikuwa kufuru, yeye na BJP viti 206 kati ya 243, RJD ya Lalu ikabaki na 22.

Halafu ndo ukaanza mchezo unaouona. 2013 BJP wakamweka Narendra Modi mbele kuongoza kampeni za taifa, Nitish akasema mimi na huyu hapana, kwa sababu ya damu ya Waislamu iliyomwagika jimbo la Gujarat 2002 Modi akiwa Waziri Kiongozi wake, na kura za Waislamu alikuwa anazihitaji, akavunja ndoa. Uchaguzi wa taifa 2014 akapata viti 2 kati ya 40 vya Bihar. Aibu ikamjaa akajiuzulu, kiti akampa Jitan Ram Manjhi, mtu wa tabaka la chini kabisa la Wamusahar, akidhani mzee atakaa kimya amtunzie kiti. Manjhi akanogewa! Akagoma kutoka, wakavutana mpaka Februari 2015 ndo akaachia. Nitish akaapa tena, hiyo ya nne. Miezi michache baadaye Nitish kamkumbatia Lalu, yule yule, wakampiga BJP vibaya, ya tano, Novemba 2015. Julai 2017 kamwacha Lalu jioni na kesho yake kaapa na BJP, ya sita. 2020 ya saba, na BJP. Agosti 2022 karudi kwa RJD, Tejashwi mtoto wa Lalu akawa naibu wake, ya nane. Juni 2023 kawaita Patna wapinzani wa Modi nyumbani kwake waunganishe nguvu, wenzie wakaja wakapiga picha na muungano wao wakauita INDIA, halafu tarehe 28 Januari 2024 yeye mwenyewe aliyewaita kahamia kwa Modi. Ya tisa. Asubuhi kajiuzulu, jioni kaapa, siku moja.

Kobe Mzito

Aliyewaita kwenye kikao ndo wa kwanza kutoka?? Huyu mtu hana nishai.

Ngalawa

Lalu kambatiza Paltu Ram, bwana kigeugeu. Na lile la Januari 2024 lilipikwa vizuri sana mkuu. Siku chache kabla serikali ya Modi ilitangaza nishani kubwa kuliko zote ya taifa, Bharat Ratna, kwa marehemu Karpoori Thakur, kiongozi wa zamani wa Bihar ambaye Nitish anamwona mwalimu wake na ambaye alikuwa mtu wa matabaka yaliyoachwa nyuma. Nitish akawa amepata la kusema mbele za watu. Mzee hahami mikono mitupu.

Sasa swali lako la kwanini anapewa kiti akiwa wa tatu. Bihar kuna timu mbili kubwa, BJP ina matabaka ya juu na wafanyabiashara, RJD ina Mayadav na Waislamu. Kila moja peke yake haifiki 122, ambayo ndo inayozidi nusu ya bunge. Katikati kuna kundi linaitwa la nyuma kabisa, wavuvi, wafinyanzi, vinyozi, wasusi wa vikapu, zaidi ya matabaka 100 madogo madogo, kila moja halionekani ila yote kwa pamoja ni asilimia 36 ya watu wa jimbo. Hao hawampendi Myadav na hawamwamini tajiri wa tabaka la juu. Nitish ndo aliwatambua, akawatengea nafasi kwenye halmashauri za vijiji, wakawa wake. Ni Simba na Yanga wanamgombania mchezaji mmoja, anayempata ndo bingwa, kwa hiyo mchezaji anadai kitambaa cha nahodha na anapewa. Ukimnyima anavuka barabara.

Hilo ndo jibu. Ujanja anao, ila ujanja bila ile asilimia wangeshamtupa zamani.

Shangazi wa Makorora

Ngalawa umeeleza vizuri mdogo wangu lakini umeruka wanawake, na bila wanawake huyo mzee angeshaenda kulea wajukuu. Wanaume mkichambua siasa mnahesabu vyama na makabila basi.

Alipoingia 2005 Bihar mtoto wa kike akimaliza la nane ndo imetoka hiyo, sekondari iko mbali, njiani kuna wahuni, baba anasema kaa nyumbani. Serikali ikaja na mpango wa baiskeli, kila binti anayeingia darasa la tisa familia inapewa rupia 2,000 anunue baiskeli. Watafiti wa uchumi walikwenda kupima, wakakuta idadi ya mabinti wanaoingia sekondari kwa umri wake imepanda kwa asilimia 32 hivi, na waliofaidika hasa ni wale ambao shule iko kilomita 3 au zaidi. Fikiria wasichana kundi zima wamevaa sare wanaendesha baiskeli barabarani kwenye jimbo ambalo mwanamke alikuwa hatoki bila kusindikizwa. Ile picha peke yake ni kampeni.

Halafu 2006 akatenga nusu ya viti vyote vya halmashauri za vijiji kwa wanawake, Bihar ikawa ya kwanza India nzima kufanya hivyo. Wengine wanasema waume ndo wanaongoza nyuma ya pazia, sawa, mwanzoni ilikuwa hivyo sehemu nyingi, lakini mwanamke akishakaa kwenye kiti miaka mitano hawezi kurudi alivyokuwa.

Na pombe. Aprili 2016 kapiga marufuku pombe jimbo zima, kwa sababu wanawake walimsimamia mkutanoni wakamwambia waume zetu wanakunywa mshahara wote wanarudi kutupiga. Kuna watu watakuja hapa kucheka hiyo marufuku, ila muulizeni mama wa kijijini.

Ndo maana uchaguzi wa Novemba 2025 wanawake waliojitokeza walikuwa zaidi ya asilimia 71, wanaume hawakufika hata 63. Na wiki sita hivi kabla serikali ikawaingizia wanawake rupia 10,000 kila mmoja kwenye akaunti za benki, wakaanza na milioni 7 na nusu kwa mpigo, eti mtaji wa biashara. Mimi sitetei hilo la mwisho, hela wiki chache kabla ya kura kila mtu anajua ni nini. Ila msiseme wanawake walinunuliwa kwa hiyo elfu kumi, deni la baiskeli lilikuwepo kitambo.

Pweza wa Mwambani

Shangazi shikamoo, ila naona tunamtengenezea mzee sanamu hapa.

Hiyo pombe, serikali yake mwenyewe ndo ilikuwa imefungulia leseni za maduka ya pombe mpaka vijijini miaka ya nyuma ikivuna kodi, halafu ikaja kujifanya mchungaji. Matokeo yake watu wanakunywa gongo ya kificho, Desemba 2022 wilaya ya Saran makumi ya watu walikufa kwa pombe ya sumu, na yeye akasimama bungeni akasema wazi kwamba anayekunywa atakufa, basi, hana fidia ya kutoa. Mahakama zikajaa kesi za walevi mpaka Jaji Mkuu wa India akalalamika hadharani. Wanaokamatwa ni nani? Maskini wa matabaka hayo hayo yanayompigia kura.

Madaraja nayo je? Juni 2023 daraja kubwa la juu ya mto Ganges pale Bhagalpur lilianguka likiwa bado linajengwa, video dunia nzima imeiona. 2024 mvua zilipoanza madaraja zaidi ya kumi yakaanguka ndani ya wiki chache, mengine madogo ya zamani ila bado ni madaraja.

Na miaka yote hiyo Bihar bado ndo jimbo la mkiani kwa kipato cha mtu mmoja, vijana wanapanda treni kwenda Delhi, Mumbai, Punjab kuvuna ngano za wenyewe. Corona 2020 ile misururu ya watu wanatembea kwa miguu barabara kuu na mizigo kichwani, wengi walikuwa wanarudi Bihar na Uttar Pradesh. Miaka 20 madarakani, kiwanda kiko wapi?

Ngalawa

Pweza hujakosea kwenye madaraja na pombe. Kwenye viwanda mimi nitamtetea kidogo tu. Novemba 2000 Bihar ilikatwa vipande viwili, kusini ikawa jimbo jipya la Jharkhand, na huko ndo kuna makaa ya mawe, chuma, na mji wa viwanda wa Jamshedpur. Bihar ikabaki na mafuriko na watu, watu zaidi ya milioni 130 kwa ile hesabu ya 2023. Alichokikuta 2005 ni jimbo ambalo utekaji wa watu ili walipiwe fidia ulikuwa biashara kamili, daktari na mfanyabiashara wanafunga milango saa kumi na mbili jioni. Yule jamaa niliyekaa naye chumbani alikuwa anamtukana Nitish kila siku kwa kuhama hama, lakini akielezea barabara ya kwenda kwao jinsi ilivyokuwa na ilivyokuja kuwa sauti inabadilika kabisa. Umeme pia. Miaka ile mitano ya kwanza 2005 mpaka 2010 ndo anaishi nayo mpaka leo, baada ya hapo mimi naona alikuwa anatumia akiba.

Mchongoma (mwanzisha mada)

Wakuu nimeshiba, asanteni sana. Shangazi shikamoo. Ila bado lile la sheria, mtu anaruka mara nne hivi na wabunge wake hawapotezi viti?

Wakili wa Kijiweni

Hapo nisaidie mimi. Sheria ya kuzuia kuhama India wanayo, tena kali, tangu 1985. Iliwekwa kwa sababu ya vituko vya miaka ya 60, kuna mbunge wa Haryana anaitwa Gaya Lal, 1967 alibadilisha chama mara tatu ndani ya wiki mbili. Kwa sheria hiyo mbunge akihama chama kilichompitisha, au akapiga kura bungeni kinyume na maelekezo ya chama, kiti kimekwenda.

Sasa angalia vizuri, Nitish hajahama chama hata mara moja tangu JD(U) iundwe 2003. Anachohamisha ni chama kizima. Leo kinakaa upande huu wa ukumbi, kesho upande ule, na mbunge wake ambaye hataki kwenda ndo anayeonekana muasi, akipinga kwenye kura ya imani yeye ndo anapoteza kiti. Kwa hiyo sheria iliyotungwa kuzuia wahamaji inampa mwenye chama fimbo ya kuwahamisha wote kwa pamoja. Anakwenda kwa gavana anajiuzulu, anatoa barua mpya ya wabunge wanaomuunga mkono zaidi ya 122, gavana anamwapisha, baadaye anathibitisha wingi huo bungeni. Hakuna uchaguzi mdogo hata mmoja. Ya kwetu inafanana pale pa mbunge kupoteza kiti akihama, ila sisi hatuna vyama vya kati vyenye nguvu ya kuamua serikali, ndo maana kitu cha namna hii hujakiona.

Kobe Mzito

Kwa hiyo kwao kwenye kata yake wanampenda kweli au? Jimboni kwake huwa anashinda kwa kura ngapi?

Wakili wa Kijiweni

Hana jimbo la uchaguzi.

Mchongoma (mwanzisha mada)

Hana jimbo kivipi mkuu 😳

Wakili wa Kijiweni

Bihar ina mabunge mawili, la chini lenye watu 243 wanaochaguliwa na wananchi, na baraza la juu lenye watu 75, wengine wanachaguliwa na wabunge wenyewe, wengine na madiwani, walimu, wahitimu wa vyuo, wengine wanateuliwa na gavana. Katiba inataka Waziri Kiongozi awe mjumbe wa mojawapo tu, haijalishi lipi. Nitish aliingia baraza la juu 2006 na akawa anarudishwa huko huko kila muda ukiisha. Mara ya mwisho jina lake kuwa kwenye karatasi ya kura ya mwananchi wa kawaida ni uchaguzi wa bunge la taifa 2004, aligombea sehemu mbili kwa pamoja, Nalanda akashinda na Barh, alikokuwa mbunge kwa miaka mingi, akashindwa. Uchaguzi wa 2010, 2015, 2020 na 2025 zote kazunguka jimbo zima kwenye majukwaa anawaombea kura wengine.

Kobe Mzito

Nimekaa chini wakuu.

Shangazi wa Makorora

Marahaba wanangu. Pweza nimekusoma, la gongo ya Saran sina la kukujibu. Ila la wanawake sijalifuta.